Jina la Kikelti kwa binti: asili na matamshi

Swali: Tumevutiwa na Niamh. Asili yake ni ipi, na linatamkwaje?

Jibu: Ni la Kiayalandi, maana yake mng'aro. Katika ngano, Niamh ndiye aliyempeleka shujaa Oisín hadi Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele. Tamka "Niiv", maana mh husomwa v. Wageni watakosea kila mara, lakini ni jina zuri mno, lichukueni!

Jibu: Mkiangalia na Kiwelisi, lugha nyingine ya Kikelti (ya Wales), kanuni ni nyingine: f ni v, dd ni dh ya "dhahabu". Mwisho -wen ni wa kike, -wyn wa kiume. Kwa hiyo kwa binti ni Bronwen, si Bronwyn.

Jibu: Mkichagua jina lenye alama juu ya irabu, hakikisheni mapema kwamba msajili anaweza kuiandika. Kwa Kiayalandi, Seán ni jina. Sean bila alama ni "-zee".