Visanamu vya mchezo wa mezani: mikuki inakatika, nihamie malighafi gani?

mkuki_wa_pwani:
Habarini wakuu. Niko Mombasa, huu mwaka wa pili natengeneza mchezo wa mezani wa kuzingirwa kwa Fort Jesus, ile ya 1696 mpaka 1698, Wareno na watu wao ndani ya ngome, Waomani nje, na maradhi yanamaliza watu kuliko hata risasi. Roho yangu yote iko humo.

Visanamu nimevichora mwenyewe kwenye kompyuta, saizi ile ya milimita 28, naprinti kwa printa ndogo ya rezini, ile plastiki ya maji inayoganda kwa mwanga. Vinatoka vizuri mno, unaona mkunjo wa kilemba na mpini wa jambia. Shida ni mikuki. Ina unene kama wa milimita 0.8, na Jumamosi wapwa zangu wamecheza raundi moja tu, tena kwa adabu, nikaokota vipande 7 vya mikuki chini ya meza. Kale kadogo kakaniambia mjomba, huyu sasa ana fimbo ya mchungaji.

Nataka kutoa maboksi 25, kila boksi visanamu 48, yaani 1,200 jumla. Je nibadilishe rezini, niende kwenye plastiki ngumu kama za viwandani, nimimine bati, au hii Siocast ninayoisikia? Nisaidieni kabla sijaingiza hela ya watu.

shomari_notts:
Salaam ndugu yangu, mchezo huo mimi naununua hata leo. Niko Nottingham huku, wachezaji wanaliita eneo hili ukanda wa risasi, yaani ile madini, si ya bunduki, kwa sababu kampuni za visanamu zimejazana, Games Workshop wako hapa, Warlord Games wako hapa, na zamani kila kitu kilikuwa cha madini kweli.

Plastiki ngumu ya viwandani ni polistirini, inasukumwa ikiwa ya moto kwa presha kubwa kwenye kalibu la chuma. Raha yake ni kwamba gundi yake inayeyusha plastiki yenyewe, mkono na bega vinakuwa kitu kimoja, si vimebandikwa. Lakini kalibu la chuma halina huruma, kisanamu lazima kichomoke moja kwa moja bila kunasa, ndiyo maana unaona vinakuja vipande vipande kwenye fremu unajikatia mwenyewe. Na bei ya kulichonga hilo kalibu inalipika ukiuza maelfu kwa maelfu, kwa 1,200 sahau kabisa.

Ile laini laini ni PVC. Kampuni ya visanamu ya Reaper waliisambaza sana kwa visanamu vyao vya Bones, mwaka 2012 walichangisha kwa watu mtandaoni zaidi ya dola milioni 3. Haikatiki, unaweza kuikanyaga, ila mkuki wake unapinda kama tambi, unautumbukiza kwenye maji ya moto, unaunyoosha kwa vidole, halafu haraka kwenye maji ya baridi unakaa. Kwa joto la Mombasa ukiacha boksi ndani ya gari lililofungwa sijui utazinyoosha ngapi.

Siocast ni ya Wahispania, plastiki inayoyeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu la silikoni badala ya chuma. Silikoni inanyumbulika kwa hiyo kisanamu chenye pembe ngumu kinatoka kizima, na kalibu ni rahisi kuliko la chuma mbali sana. Warlord wanaitumia, wao wanaiita Warlord Resin. Nimezishika, zina ugumu wa kati, ukibonyeza mkuki unarudi. Inashika kwa supaglu, ile gundi ya polistirini haifanyi kitu. Kasoro ni kwamba alama za maungio kuzikwangua ni kazi, kisu kinaacha manyoya manyoya. Na mashine ni ya kwao wenyewe, kwa hiyo utalazimika kuagiza kwa mtu mwenye nayo. Kwa idadi yako ningeomba bei, nisitegemee sana.

dada_printa_dsm:
Mkuu kabla hujabadilisha chochote hebu jibu hili, ukishaviosha hivyo visanamu unaviivisha vipi? Taa ya UV au jua? Na kwa muda gani?

mkuki_wa_pwani:
Sina taa dada. Naviosha kwa alkoholi halafu naviweka juani kwenye roshani, mara nyingi kuanzia adhuhuri mpaka nikirudi alasiri.

dada_printa_dsm:
Basi mkuki wako umeungua kaka. Rezini ya printa inaganda kwa mwanga, na haiachi kuendelea kwa sababu wewe unaona inatosha, kila dakika ya jua la pwani inazidi kukaza mpaka inakuwa kama kioo. Mkuki wa 0.8 hauna nyama ya kuvumilia hilo. Mimi juani nageuzageuza dakika chache tu, nikigusa na kucha hainati natoa. Hakikisha pia alkoholi imekauka kabisa kabla ya jua. Na ukishapaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na rangi unakuwa umeikinga na mwanga, kisanamu kitupu kikikaa dirishani kinazidi kuwa kikavu miezi yote.

Pili, changanya. Chukua rezini yako ya kawaida tia ile inayonyumbulika, asilimia 10 anza nayo, ukiona bado panda mpaka 20. Ukizidisha sura zinaanza kulegea na vidole vya mkono vinapotea. Tikisa chupa vizuri kwanza, halafu koroga taratibu kwenye kikombe usije ukajaza mapovu.

Na tafadhali niambie printa haiko chumbani mnakolala. Glavu za naitraili kila mara, dirisha wazi. Mimi nilifanya miezi bila glavu najiona fundi, sasa hivi tone moja likinigusa mkono unavimba na kuwasha siku 4, na hiyo mzio ikishaingia haiondoki. Maji au alkoholi uliyoogeshea usimwage kwenye sinki, acha juani mchanga mchanga ugande chini, uuchuje.

fundi_kalibu:
Nakubaliana na dada kuhusu jua. Ila visanamu 1,200 kwa printa moja ndogo utazeeka, kwa hiyo niseme upande wa kumimina, ndiyo kazi yangu Nairobi, nilianzia kwenye vito.

Bati ni tamu kufanya kazi nalo. Linayeyuka nyuzi 232, ukilichanganya na antimoni kidogo linakuwa gumu na linachukua sura vizuri, na silikoni ya kuvumilia joto inalibeba bila shida. Pakaa poda ya talki kwenye kalibu kabla ya kumimina, bati linateleza mpaka kwenye ncha. Mkuki wa bati unapinda, unaunyoosha, unapinda tena, safari ya tatu au ya nne unakatika. Na boksi la watu 48 litakuwa zito kweli.

Sasa sikiliza kwa makini, utakutana na mtu atakwambia tumia risasi ya chubwi au ya betri ya gari, ni bei ya bure. Usithubutu. Wewe uko Mombasa, unajua yaliyowapata watu wa mtaa wa Owino Uhuru kwa sumu ya risasi ya kile kiwanda cha kuyeyusha betri, mpaka mahakama mwaka 2020 ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na watoto walishaumia. Visanamu vya zamani vilikuwa na risasi, New York walipoleta sheria mwaka 1993 watengenezaji wengi wa Marekani wakahamia bati. Wapwa zako wanaweka vitu mdomoni.

Rezini ya vimiminika viwili unavyochanganya, poliurethani, nayo iko, lakini unyevu wa pwani ni adui yake mkubwa. Ikinusa unyevu inatoa gesi, kisanamu kinatoka kama andazi ndani. Kopo lazima lifungwe sawasawa, na moshi wake haufai mapafuni.

Na hili wengi linawalipua mfukoni, usichukue kisanamu ulichoprinti ukakimiminia silikoni inayogandishwa na platinamu ili upate kalibu. Haitaganda pale inapogusana na rezini ya printa, itabaki kamasi. Nunua ile inayogandishwa na bati.

Ila kwa mkuki wenyewe mimi ningeufuta kwenye kompyuta. Acha ngumi na tundu tu, halafu chomeka pini ya fundi cherehani, ile ya chuma ndefu, kata kichwa, supaglu tone moja. Ncha ipige tupa iwe butu kwa ajili ya watoto. Haikatiki maisha.

shomari_notts:
Ya pini naiunga mkono, huku watu wa vita vya zamani wanafanya hivyo miaka mingi.

mkuki_wa_pwani:
Wakuu nimerudi. Nimeprinti 20, kumi na mchanganyiko wa asilimia 15 jua dakika chache, kumi kwa mtindo wangu wa zamani. Nimeviangusha kutoka meza mpaka kwenye sakafu ya simenti kimoja kimoja. Vya zamani imekatika mikuki 8. Vya mchanganyiko 1, tena kwenye kifundo cha mkono si kwenye mkuki wenyewe. Printa nimeihamishia stoo ya nyuma, mke wangu amekushukuru dada.

Vya pini nimefanya 5, tundu la milimita 0.7 pini inaingia kwa kubana kidogo. Hakuna kilichovunjika. Mkuki umekuwa mwembamba kama unavyotakiwa, mpaka nimemwita jirani aje aone.

Fundi, hiyo silikoni ya kugandishwa na bati Nairobi inapatikana kwa kilo au mpaka ununue ndoo?

fundi_kalibu:
Kilo inapatikana. Njoo inbox, na unitumie picha ya yule mwenye kilemba.