Fundi akiiunga relei dairekti hajatengeneza kitu, KAIHARIBU!

Wenye risiva na amplifaya za miaka ya 70 hapa Malindi, na ndugu zetu wa Lamu, someni hili kabla hamjapeleka Marantz au Sansui yenu kwa fundi.

Mashine nyingi za aina hii ukiziwasha hukaa kimya sekunde chache, halafu ndani inalia "tak". Hiyo ni relei, swichi ya umeme ya kulinda spika, imefunga. Siku isipolia, fundi wetu anafungua kifuniko, anachomelea kipande cha waya juu ya miguu ya relei, muziki unatoka upande mmoja, anadai pesa yake. Kazi gani hiyo? Relei haikufa! Imekataa kufunga kwa sababu kuna DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) kwenye njia ya spika, na mara nyingi mkosa ni transista kubwa, ile inayosukuma spika, iliyoshoti.

Pigeni hesabu. Risiva ya wati 30 au 40 kila upande ina kama volti 35 za DC ndani, na transista ikishoti zote zinaingia kwenye spika. Koili ya spika ya ohm 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6. 35 mara 35, gawa kwa 6: hizo ni zaidi ya wati 200 za joto tupu; koni imesukumwa nje imeganda, na muda si muda unanusa gundi ya koili ikiungua. Spika hiyo utaipata wapi?

Anayejua kazi hutoa spika kwanza. Anaunga balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwenye waya wa moto, umeme wote upitie hapo (ya LED haifai). Ikiwaka ghafla ikafifia, endelea; ikibaki inang'ara, kuna shoti, zima. Kisha mita kwenye DC, kabla ya relei. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ukiona volti nzima nzima, transista zinabadilishwa zote mbili za upande huo, na draiva (transista ndogo zinazozisukuma) na rezista za emita zinapimwa, maana moja ikifa huondoka na wenzake. Maika mpya (kijikaratasi cha kutenga umeme chini ya transista), pesti ya joto, halafu bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) irekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha mashine hiyo. Bayasi ikiwa chini, sauti inakwaruza kwenye volyumu ndogo. Ikizidi, bati la kupozea transista halishikiki kwa joto.

Kweli, huku kwa chumvi na unyevu relei yenyewe nayo huchoka. Dalili ni nyingine kabisa: tak inalia, lakini upande mmoja unapotea, ukipandisha volyumu unarudi. Hapo weka mpya yenye volti za koili zile zile.

Na hii ya kuzungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, jamani! Au mashine ya Japani ya volti 100 kuchomekwa moja kwa moja kwenye 240, kisha mwenyewe anaambiwa "transfoma ilikuwa imezeeka". Wengine wanapuliza mafuta ya kulegeza nati kwenye volyumu. Yanashika vumbi, mkwaruzo unarudi mbaya zaidi.

Mwenye kujua duka Mombasa lenye transista za MJ21193 na MJ21194 halisi ataje hapa. Feki zimejaa, zinapita mtihani wa mita na kufa mara tu ukipandisha sauti.