Bei ya jumla, kupima na kulipa, au ufundi tu: mkataba upi una kesi chache?

Tindo:
Wakuu, mwenye jengo ana michoro kamili ya nyumba ya ghorofa moja, bado kusaini na mkandarasi. Njia ni tatu: bei ya jumla (bei moja iliyokubaliwa kwa kazi yote), kupima na kulipa kwa BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei ya kila kipimo), au anunue vifaa mwenyewe alipe ufundi tu. Siulizi ipi ni nafuu. Ipi inazaa ugomvi kidogo, na ukizuka huwa ni wa nini?

Mizani:
Chukua msingi. Mchoro unasema kina cha mita 1, mkichimba mnakuta udongo laini mpaka mita 1.6. Mtaro ukiwa na upana wa mita 0.6 na urefu wa mita 40, uchimbaji umeongezeka mita za ujazo 14.4, na hapo bado hujahesabu ukuta wa msingi. Kwenye kupima na kulipa, mnazidisha kwa bei ya BOQ, yameisha. Kwenye bei ya jumla mkandarasi atadai kazi ya ziada, mwenye jengo atajibu "kiwanja ulikiona kabla ya kutaja bei". Kama mkataba haukusema hali ya ardhi ni mzigo wa nani, wote wana hoja.

Ningefanya hivi: msingi kwa vipimo, kuanzia jamvi (sakafu ya zege juu ya msingi) kwenda juu bei ya jumla. Mtaro upimwe ukiwa wazi, pande zote mbili zikiwepo, saini siku ileile.

Saini_Mbili:
Naunga mkono, ila bei ya jumla ina mwiba mwingine: kazi za ziada za mdomo. "Sogeza huo mlango", "ongeza choo hapo". Mikataba mingi inataka maelekezo ya maandishi kabla kazi haijaanza. Asiyekuwa nayo anaweza kukosa malipo, au akabaki kubishania thamani ya kazi mbele ya mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa vipimo na gharama za ujenzi. Karatasi moja inatosha: kazi yenyewe, bei, siku zinazoongezeka, saini mbili. Siku ndizo husahaulika, halafu mkandarasi anakatwa fidia ya kuchelewa kwa kazi aliyoongezewa na mwenye jengo mwenyewe!

Jamvi:
Ufundi tu ni nafuu kwa macho. Zege likiwa dhaifu, fundi atalaumu saruji iliyonunuliwa, mwenye jengo atalaumu maji mengi kwenye mchanganyiko. Dawa ni vipande vya majaribio vya milimita 150 kila upande, vijazwe kutoka zege lilelile linalomwagwa, vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Siku ya 7 tarajia karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Bila hivyo mtaishia kutoboa nguzo kuchukua sampuli, gharama kubwa, na ubishi unaendelea. Pia mifuko ya saruji ihesabiwe inapopokelewa, fundi asaini kwamba haijaganda.

Tindo:
Na malipo je? Hapo ndipo wengi hugombana.

Mizani:
Lipeni kwa hatua iliyokamilika, si kwa tarehe. Malipo ya awali yakatwe kidogokidogo kwenye kila hati ya malipo, la sivyo fedha inatangulia mbele ya kazi na mkandarasi hana sababu ya kurudi. Zuieni asilimia 5 ya malipo: nusu itoke jengo likikabidhiwa, nusu muda wa matazamio (mkandarasi anaporekebisha kasoro zinazojitokeza) ukiisha, kwa kawaida miezi 6 au 12. Mwenye jengo asishikilie yote kwa ajili ya kitasa kilicholegea. Kuzuia fedha iliyoiva nako ni kuvunja mkataba.

Saini_Mbili:
Kuhusu pa kwenda mkishindwana: uamuzi wa msuluhishi (arbitrator, anayeamua mgogoro badala ya mahakama) hufunga pande zote na nafasi ya kuupinga ni finyu, lakini ada yake mnailipa ninyi. Kwa dai dogo inaweza kumeza fedha inayogombewa. Ugomvi wa ubora au vipimo unafaa zaidi kwa mtaalamu huru mliyekubaliana tangu mwanzo.

Mkandarasi akiacha kazi, usikimbilie kumbadilisha. Mpe notisi ya maandishi yenye siku zilizotajwa kwenye mkataba. Zikipita, mwite kwa maandishi mpime pamoja kazi iliyokwisha, mpige picha na kuorodhesha vifaa vilivyopo saiti. Asipokuja, mtaalamu huru apime. Ukimtoa bila notisi, yeye ndiye atakayekudai. Na huyo mkandarasi mpya asiguse hata tofali moja kabla vipimo havijasainiwa.