Kwa nini udongo wa mfinyanzi unaifanya plastiki yangu ivunjike?

Muuliza swali, Uyole, Mbeya
Ndugu zangu, nayeyusha madumu mabovu ya polietilini ili nipate vigae vya kutandika uani. Nilisoma kwamba asilimia 5 tu ya udongo, kwa uzito, huikakamaza plastiki mno, nami nikachukua udongo wa wafinyanzi wa Ikombe, Kyela, nikauanika, nikautwanga na kuuchekecha. Vigae vya asilimia 5 havikubadilika, na vya asilimia 20 huvunjika vikidondoka. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa fizikia, Iringa
Tatizo si kiasi cha udongo bali ukubwa wa chembe zake. Nadhani ulichosoma kinatokana na kazi ya watafiti wa Toyota, Japani, ambao katika miaka ya 1980 walichanganya nailoni 6, aina moja ya nailoni, na chini ya asilimia 5 ya udongo uitwao montimorilonaiti, ukakamavu ukakaribia kuwa mara mbili, na joto ambalo nailoni hiyo hulegea ikibebeshwa mzigo likapanda kutoka nyuzi 65 hadi takriban 145. Udongo huo umepangika kwa matabaka yenye unene wa nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, na kazi yote ni kuyatenganisha ndani ya polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo zinazounda plastiki. Yakitengana, gramu 1 huwa na eneo la takriban mita za mraba 700, yaani gramu 10 zingetosha kufunika uwanja wa mpira, ilhali gramu 1 ya punje za mikromita 50 (mikromita ni nanomita 1,000), ambazo chekecheo lako linazipitisha, haifuniki hata karatasi moja ya A4. Minyororo ya polima iliyoshikana na uso wa udongo hukosa uhuru wa kujongea, na humo ndimo ukakamavu unamotoka. Punje kubwa zisizoshikana na plastiki huwa mahali ambapo ufa unaanzia.

Mkemia, Njombe
Naongeza kwamba hata akitwanga hadi kesho kutwa hatafika huko. Kama udongo wake ni wa kaolini, aina nyingine ya udongo wa mfinyanzi, matabaka yake hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, wala maji hayapenyi kati yake. Montimorilonaiti huyaruhusu maji kuingia, na udongo wa namna hiyo ndio unaovimba masika na kupasuka kiangazi kama ule mweusi wa Usangu. Hata hivyo, udongo hupenda maji na polietilini huyakataa kama mafuta yanavyoyakataa, kwa hiyo viwandani ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu zilizo kati ya matabaka hubadilishwa kwa ioni za amoniamu zenye mikia mirefu ya kaboni, kisha huongezwa polietilini iliyopandikizwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki ili iwe mpatanishi kati ya udongo na plastiki. Nailoni, kwa kuwa molekuli zake zina ncha za umeme, haihitaji mpatanishi huyo.

Fundi wa vigae, Makambako
Ukakamavu na ustahimilivu ni mambo mawili, na mara nyingi plastiki iliyokakamazwa hupungukiwa na uwezo wa kunyumbulika hata pale matabaka yanapotengana vizuri. Kwa uani tumia mchanga mkavu, hata nusu ya uzito au zaidi, plastiki ikiwa gundi tu. Hilo halihusiani na mambo ya nanomita, lakini linafanya kazi. Tena, udongo ulioanikwa juani bado una maji, nayo hugeuka mvuke ndani ya plastiki ya moto. Vunja kigae kimoja utazame ndani.

Muuliza swali
Nimevunja viwili vya asilimia 20. Vina vitundu kama mkate, na kimoja kina punje ya udongo katikati kabisa ya mvunjiko. Kesho nakaanga mchanga.