Mrejesho: Mashua sasa inakwenda sawa kwenye simu zote

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mashua ya gemu langu la mbio za Shela hadi Lamu mjini inapaa kwenye simu mpya na kujikokota kwenye simu kuukuu. Aliyeniambia nizidishe mwendo kwa delta, yaani muda uliopita tangu picha iliyotangulia, Mungu ambariki. Ndiyo hasa: simu inayochora picha 120 kwa sekunde ilikuwa ikiisogeza mashua mara mbili ya ile ya picha 60. Upepo wa kusi nimeuhamishia kwenye _physics_process, sehemu ya msimbo ambayo Godot, programu ninayotengenezea gemu, kwa kawaida huiendesha mara 60 kwa sekunde. Sasa tanga linajaa taratibu, foromali, ule mti unaoshika tanga, inainama, raha tupu! Imebaki sauti ya maji, inakatikakatika. Mjuzi wa sauti anisaidie.