Mjadala: Unaongozwa na ramani ya simu, je, muziki wa mtandaoni uzimwe?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyotugawa garini juzi. Tulikuwa wanne, na hadi tunashuka hakuna aliyekubali kushindwa.

Simu ilikuwa imeshikizwa kwenye dashibodi, ramani inatuongoza, na simu hiyohiyo inapiga muziki wa mtandaoni. Tukaipita njia ya kuchepukia. Mmoja akasema kosa ni la muziki, yule dada wa ramani alisema lakini hakuna aliyemsikia. Mwingine akasema dada alisikika vizuri sana, ila dereva alikuwa amenyoosha kidole kuruka wimbo wakati uleule barabara inagawanyika. Dereva nilikuwa mimi, kwa hiyo mjue kabisa kwamba mshtakiwa ndiye anayefungua kesi.

Swali langu: dereva anayefuata ramani ya simu azuiwe kupiga muziki wa mtandaoni, ama kwa sheria, ama kwa programu zenyewe kujifunga?

Mimi nasema sauti haina hatia. Ramani ikitaka kusema, inaomba nafasi kwenye mfumo wa simu, muziki unashushwa, maelekezo yanatolewa, muziki unapanda tena. Ukiwa unasikiliza mazungumzo au kitabu kinachosomwa, mara nyingi husimamishwa kabisa, maana maneno juu ya maneno hayasikiki. Waliotengeneza walishaliwaza suala la sauti mbili.

Wasilolimaliza ni la kuchagua. Kaseti ilikuwa na pande mbili, ukaridhika. Redio ina vituo vichache. Huku mtandaoni kuna nyimbo mamilioni, na kila baada ya dakika tatu moyo unakuambia upo wimbo mzuri kuliko huu. Ndipo kidole kinapotoka kwenye usukani na macho yanakifuata.

Mwaka 2013 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, iliwapa watengenezaji wa magari mwongozo kwamba kazi ya kwenye skrini isiyabandue macho ya dereva barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, na kazi nzima isizidi sekunde 12. Ni mwongozo wa hiari, tena uliandikiwa vifaa vilivyojengwa ndani ya gari, simu haimo. Lakini pigeni hesabu: kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde 2 ni mita 55 umeenda bila kuangalia mbele. Nani hapa ametafuta wimbo kwa sekunde 2? Kuandika jina la msanii tu ni zaidi ya hapo.

Napendekeza gari likianza kutembea, ukurasa wa kutafuta nyimbo ujifunge. Vibaki vitufe vitatu: simamisha, ruka, rudi. Mezani hapo, wakuu.

Dereva Mkongwe

Mdogo wangu, umejitetea vizuri ila hukumu ni ileile. Zima.

Nimeshika usukani tangu ramani ikiwa karatasi inayokunjwa vibaya kila mara. Nikuulize jambo moja. Mtu akitafuta nyumba asiyoijua, kwa nini hupunguza muziki? Nyumba haipigi kelele. Anapunguza kwa sababu akili yake imejaa na anatafuta pa kupunguzia mzigo. Sasa mtu anayefuata ramani yuko katika hali hiyo safari nzima, maana njia hajui. Angeijua asingeiwasha ramani.

Halafu huyo unayemwita asiye na hatia, yaani sauti, ana kesi yake. Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion aliwaweka watu kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji, akawapigia muziki wa kasi tofauti. Muziki ulipoenda mbio, nao walienda mbio, na makosa kama kupita taa nyekundu na kuhama mstari yakaongezeka. Hapo hapakuwa na kidole kilichogusa simu.

Mama Safari

Kwangu abiria wa kiti cha mbele ndiye mpiga muziki, dereva haruhusiwi kuigusa simu hata kwa dharura ya wimbo mbaya. Tumemaliza ugomvi miaka mingi. Nyie endeleeni.

Mwanzisha mada

Mama Safari, na siku uko peke yako?

Mama Safari

Siku hiyo nasikiliza kilichopangwa kabla ya kuwasha gari, kikiisha nakaa na mawazo yangu. Hayajawahi kunikosesha njia.

Fundi Sauti

Naomba niingie maana naona watu wanahukumu sauti bila kujua inapitia wapi.

Ukiunganisha simu na gari kwa Bluetooth, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya muziki, sauti mbili za kushoto na kulia, safi. Ya pili ni ya simu za kupigwa, sauti nyembamba kama mtu anaongelea ndani ya bati. Dada wa ramani anaweza kupita yoyote kati ya hizo, inategemea ulivyoweka. Wengi hawajui kama kuna kuchagua.

Sasa sikiliza maajabu. Gari likiwa kimya kabisa, ile njia ya muziki katika redio nyingi za magari huwa imelala. Dada akianza kusema, redio inazinduka, na mpaka izinduke neno la kwanza limeshaliwa. Unasikia "...mia mbili, pinda kulia" na hujui ni mita ngapi kwa hakika. Muziki ukiwa unapigwa, njia iko wazi muda wote, dada anasikika kuanzia herufi ya kwanza. Kwa hiyo Mkongwe, kimya chako kinaweza kukupoteza.

Baya kuliko yote ni hili la kusikiliza redio ya kawaida ya gari huku ramani iko kwenye simu. Redio haina habari kwamba simu inaongea. Umeiweka simu itoe sauti kwa Bluetooth kupitia njia ya muziki, na gari limechagua redio: dada anaongea hewani, hakuna spika inayomtoa. Dawa yake ni kuweka maelekezo yapite kama simu inayoingia, ndipo redio inakatwa. Ila muziki wa mtandaoni ukitoka kwenye simu hiyohiyo, bosi ni mmoja, anajua nani anyamaze na nani aseme.

Kwa maana hiyo, ukitaka kupiga marufuku kitu kisigongane na ramani, muziki wa mtandaoni ndio wa mwisho kwenye orodha. Ningeanza na redio.

Dereva Mkongwe

Fundi, umenieleza namna ya kusikia. Sikuzungumzia kusikia. Nimezungumzia akili kuelewa ilichosikia.

Kumbukumbu

Hiyo ya kuanza na redio imenichekesha, kwa sababu ilishajaribiwa. Redio za magari zilipoanza kuenea Marekani, miaka ya 1930, walikuwepo waliotaka zipigwe marufuku wakisema zitawalaza madereva au kuwapumbaza. Hoja zilikuwa hizihizi za Mkongwe, zimebadilisha nguo tu. Redio ikabaki.

Waze, programu ya ramani, na Spotify, ya muziki wa mtandaoni, waliunganisha programu zao mwaka 2017, na Google Maps ikaweka vitufe vya muziki ndani ya ramani mwaka 2018. Sababu ilikuwa kumwondolea dereva kuruka kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Hivyo pendekezo la mwanzisha mada limeshafanyika nusu.

Mwanzisha mada

Nusu kweli. Vitufe vile vipo, na CarPlay na Android Auto, mifumo inayohamishia programu za simu kwenye skrini ya gari, hupunguza orodha na kuficha kibodi gari likitembea. Lakini mwenye simu iliyobandikwa tu kwenye dashibodi, bila mifumo hiyo, anafungua chochote anachotaka. Na ndio wengi.

Wakili wa Barabara

Kuna nchi zimeshapiga hatua, tuziangalie. Uingereza sheria ya zamani ilikamata zaidi mawasiliano: kupiga simu, kutuma ujumbe. Mtu akikamatwa ameshika simu anachagua wimbo, wakili mzuri aliweza kubishana kwamba hakuwasiliana na yeyote. Kuanzia tarehe 25 Machi 2022 mwanya huo umezibwa, na kuipekua orodha ya nyimbo ukiwa umeishika simu ni kosa, hata ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu. Lakini ramani kwenye simu iliyoshikizwa mahali pake inaruhusiwa, na muziki haukuguswa.

Angalieni walipoweka mstari. Waliuweka kwenye mkono. Mkono unaonekana na askari. Akili iliyojaa, ndugu Mkongwe, askari ataipimaje dirishani? Atakuuliza ulikuwa unawaza nini?

Dereva Mkongwe

Kwamba askari hawezi kuipima haina maana haiui.

Wakili wa Barabara

Kweli. Lakini swali lilikuwa la kuzuia. Sheria isiyoweza kusimamiwa inawafundisha watu kuzidharau na zile nyingine.

Mjuzi wa Amri

Mnahangaika na vidole wakati suluhisho lipo. Sema na simu. "Piga wimbo fulani", basi. Mikono kwenye usukani, macho mbele.

Dereva Mkongwe

Nilikuwa nakusubiri wewe. Taasisi ya utafiti ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ikifanya kazi na David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah, ilionyesha mwaka 2015 kwamba baada ya kutoa amri kwa sauti, akili ya dereva inaweza kubaki haijarudi barabarani kwa hadi sekunde 27 kwa mifumo mibovu zaidi. Kwa kilomita 50 tu kwa saa hizo ni zaidi ya mita 370. Umevuka makutano mangapi? Na hapo simu imekuelewa mara ya kwanza, jambo ambalo kwangu halijatokea. Nikitaja wimbo inanipigia mtu.

Mwanzisha mada

Hapo niko na Mkongwe, amri ya sauti ni kidole kilichojificha mdomoni.

Kimya Kingi

Mimi ni kiziwi. Naendesha kila siku na ramani natumia kila wiki. Mjadala mzima mnabishana juu ya sauti kana kwamba bila sauti hakuna safari.

Mimi saa ya mkononi ndiyo inanigusa. Apple Watch tangu ilipotoka 2015 ina mtetemo wa kushoto na mtetemo wa kulia, tofauti, mkono unajifunza baada ya siku mbili. Naangalia skrini kidogo kuliko nyie nadhani, kwa sababu naijua hatari yake, sina cha kuniita nikizubaa. Kwa hiyo pendekezo langu: acheni muziki kwenye masikio, pelekeni maelekezo kwenye mkono. Milango miwili tofauti, hakuna anayemziba mwenzake.

Fundi Sauti

Hili sikuwahi kulifikiria. Miaka yote nashughulika na nani ashushwe sauti, kumbe mmoja angetolewa kabisa chumbani.

Dereva Mkongwe

Kimya Kingi, heshima kwako, na wewe unaendesha vizuri kuliko hawa kwa sababu macho yako yamezoea kazi. Sisi macho yetu yamedeka. Ila nikubali, nikitikiswa mkono sihitaji kunyamazisha chochote. Nitalijaribu.

Mhesabu Bando

Hakuna aliyetaja mtandao wenyewe. Muziki wa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde unakula takriban MB 72 kwa saa, ukipandisha hadi 320 ni MB 144. Ramani inakula kidogo sana ukilinganisha, na kujua ulipo hakuli chochote, ni setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi, simu inapokea tu. Kwa hiyo mtandao ukififia kinachokatika kwanza ni muziki. Na muziki ukikatika, dereva anafanya nini? Anashika simu kuona kulikoni. Pakueni nyimbo na ramani kabla ya kutoka, nusu ya ugomvi huu inakwisha.

Halafu simu inayowasha skrini, inayofuata setilaiti, inayovuta muziki na kuchajiwa, yote kwa pamoja chini ya kioo cha mbele kwenye jua, inachemka. Apple wanashauri iPhone itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Ikichemka sana inafifisha skrini au inajizima. Ya kwangu ilijizima katikati ya njia panda yenye matawi matano. Nikabaki na muziki wa kichwani.

Mama Safari

Narudi kwa swali moja kwa mwanzisha mada. Unataka programu ya muziki ijifunge gari likitembea. Mbona ya ramani huigusi? Ile inakurukia katikati ya mwendo: "kuna njia ya haraka zaidi, unaokoa dakika tatu", inataka uguse ukubali au ukatae, na sekunde zinahesabika. Mara inakuuliza kama ajali iliyoripotiwa mbele bado ipo. Wimbo haujawahi kuniuliza swali.

Mwanzisha mada

Umenibana. Na sasa nakumbuka kitu ambacho sikukiandika mwanzo, maana sikukiona kina uzito. Siku ile, kabla sijaruka wimbo, kilitokea kibandiko cha njia mbadala kikafunika kitufe cha kuruka. Kidole changu kilikaa pale muda mrefu kwa sababu nilikuwa nakiondoa kwanza.

Dereva Mkongwe

Kwa hiyo mlipitwa na njia kwa sababu ramani ilikuwa inawaonyesha njia.

Mwanzisha mada

Ndiyo, mkuu. Na ile dakika tatu tuliilipa kwa ishirini. Nabadilisha pendekezo: gari likitembea, hakuna programu yoyote iruhusiwe kumuuliza dereva kitu kinachojibiwa kwa kidole, ya ramani ikiwa ya kwanza. Anayepinga aje.