Kampeni ya Roma yenye mizuka na miungu: D&D, Mythras au Lex Arcana?

Mlinzi_wa_Rhine: Wakuu, naandaa kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ya wachezaji wanne. Mwaka 9 BK, jemadari wa Roma, Varus, ameshapoteza legioni (majeshi) tatu msitu wa Teutoburg, Ujerumani. Wahusika ni askari walionusurika, na waliokufa mle msituni hawajatulia. Nataka vita viume na miungu iogopwe. Nichukue mfumo gani wa kanuni?

Dadu20: D&D (Dungeons & Dragons) toleo la 5, mkuu. Wengi wanaijua, mnaanza kucheza siku hiyohiyo.

BintiKampeni: Kuijua sawa, lakini mchawi akifika ngazi ya 5 anarusha mpira wa moto na ukuta wa ngao umekwisha. Hiyo si Roma tena. Mythras ndiyo yenyewe. Unatupa dadu ya asilimia, 1 hadi 100. Ukimzidi adui unachagua la kumfanya: umwangushe, umpokonye silaha, au ulenge mguu ambao ngao haijaufunika. Kila pigo lina mahali linapotua mwilini. Hodari akizungukwa na watatu, ana hali mbaya. Isitoshe, kuna kitabu chake cha Mythic Rome. Ila pambano la watu wengi linakula muda, jiandae.

Mzee_wa_Meza: Kwa ngao sina ubishi na binti. Miungu je? Jemadari wa Roma Claudius Pulcher pale Drepana, Sicily, 249 KK, kuku watakatifu walipokataa kula, ishara mbaya hiyo, aliwatupa baharini, na vita akashindwa. Warumi waliyachukulia hayo kwa uzito, na Lex Arcana inayabeba: utabiri umo ndani ya kanuni, haukuchomekwa tu. Dadu zake pia nazipenda mno. Una pointi 12? Tupa dadu moja ya pande 12, au mbili za 6, au tatu za 4. Zote zikitoa namba ya juu kabisa, unatupa tena na kujumlisha. Tatu za 4 hazikuangushi chini ya 3, lakini bahati ya kutupa tena huipati kirahisi. Mchezaji anaamua mwenyewe atahatarisha kiasi gani.

Dadu20: Lakini Lex Arcana imewekwa mwaka 476, dola haijaanguka. Yeye yuko enzi za Augusto.

Mzee_wa_Meza: Tarehe inahamishika, mwanangu. Kanuni haziumii.

Mlinzi_wa_Rhine: Shikamoo mzee, na asante dada. Askari wangu wataishi kwa ngao, kwa hiyo naenda na Mythras. Kabla ya kila safari ya msituni kuhani atasoma ishara, na atakayezipuuza atatupa dadu kwa adhabu hadi warudi kambini.

BintiKampeni: Anza na Mythras Imperative, toleo fupi la kanuni zake. Adhabu iwe ya kikosi kizima, si yake peke yake.